Maandishi ya Mgongoni: nakshi za nguo za vijana zimetoka wapi?



Mwezi wa Julai mwaka uliopita nilimsindikiza mwanangu wa pili Nairobi, alikopata nafasi katika chuo cha ufundi. Basi la usiku kutoka Mombasa lilitushusha kabla ya mapambazuko, na baridi ya bara, ambayo sisi watu wa pwani huisikia hadi mifupani, ikatupokea mlangoni. Kijana alikuwa na shati moja la mikono mirefu na kanzu mbili. Shangazi yake, ambaye amekaa Pumwani miaka mingi, alipomwona anavyotetemeka alicheka, kisha akatoa amri: kabla ya godoro na kabla ya vitabu, aende Muthurwa akatafutiwe koti.

Kwa asiyepajua, Muthurwa ipo ukingoni mwa jiji, baina ya barabara ya Haile Selassie na ile ya Landhies, pale mitaa ya Eastlands inapoanzia. Asili yake ni makazi ya wafanyakazi wa reli, na jina la Landhies lenyewe ni kumbukumbu ya landi, zile nyumba za safu walimokaa vibarua wa reli enzi za mkoloni. Mwaka 2008 pakafunguliwa hapo soko pamoja na steji ya matatu, ili wachuuzi waliotapakaa katika barabara za mjini wapate pa kuketi. Jirani yake ni Marikiti, soko la mboga na matunda, na ukivuka Landhies ukatembea kidogo unafika Gikomba, ambako marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri. Wachuuzi wa nguo huamkia Gikomba wakachagua kipande kimoja kimoja. Nguo bora ya robota huiita kamera, na zile za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, huziita fagia. Kati ya kamera na fagia ndimo wengi wetu tunamovalia watoto wetu, tukubali tusikubali.

Nilipoziona nguo za vijana zimetundikwa pale nilihisi nimeingia katika maktaba iliyovurugwa na watoto. Palikuwa na mafuvu ya vichwa, chui, ndimi za moto, herufi za Kichina na za Kijapani, nambari za wachezaji nisiowajua, majina ya vyuo vikuu vya Marekani, maua, na ramani ya Afrika iliyochorwa kwa rangi tatu. Mwanangu alikwenda moja kwa moja kwenye koti moja la buluu iliyoiva, zito, lenye zipu nzima. Mgongoni lilikuwa limedariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu: herufi za kizamani, nene, zenye pembe na mikia, na kuzizunguka shada la masuke lililochanganywa na vijani vidogo vilivyopangana kama magamba ya samaki. Nikadhani masuke yale ni ya mpunga. Vile vijani sikuvijua, lakini vilipendeza. Nikasema moyoni kwamba kazi hii yafanana na mji wa leso.

"Mama, hii ni kamera," muuzaji akaniambia. "Ukiiacha, ukirudi hutaikuta."

Alianzia shilingi mia saba, tukashikana kwa mia tano. Nilirudi Mombasa na moyo mtulivu.

Ijumaa ya pili mwanangu alikwenda kuswali katika msikiti mmoja wa Pumwani, koti lake mwilini. Baada ya salamu, mzee aliyekuwa safu ya nyuma alimgusa bega akamwomba asiondoke. Mzee huyo alikuwa baharia ujanani mwake, akakaa miaka kadhaa katika bandari ya Hamburg, na Kijerumani anakisoma. Alimwambia kwa upole, watu wakiwa wamekwisha kupungua, kwamba neno lile kubwa la katikati, Brauerei, maana yake ni kiwanda cha kupikia pombe. Masuke hayakuwa ya mpunga. Yalikuwa ya shayiri, na vile vijani ni maua ya hopsi, ndiyo yanayoipa bia uchungu wake. Basi rakaa mbili nzima safu ya nyuma ilikuwa imeelekezwa tangazo la pombe. Mzee akamsaidia kulipindua koti ndani nje, akamwombea dua, akaenda zake.

Kijana alinipigia simu jioni ile akicheka kicheko cha mtu aliyeaibika. Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Kilichoniuma ni hiki. Mimi ni mtoto wa watu wasionunua leso bila ya kusoma jina lake. Nilipokuwa mdogo, mama yangu alikuwa akinishika mkono hadi mtaa wa Biashara, akamfanya mwenye duka afunue rundo zima, doti kwa doti. Nakshi aliitazama kwanza, lakini hakutoa pesa hata mara moja kabla ya kulisoma lile jina pale chini, karibu na pindo. Leso ya kumpelekea mkwe ina maneno yake, ya mzazi aliyejifungua ina yake, na ipo ambayo ukimpelekea jirani umeuvunja ujirani. Wanawake wa pwani wamepatana kwa leso na wamegombana kwa leso, bila ya kufungua kinywa. Leo mimi, mwanafunzi wa shule hiyo, nimemvika mwanangu maneno nisiyoyasoma kwa sababu nimependa maua.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma, na kila nirudipo Nairobi hupita Muthurwa kuangalia migongo ya watu. Niliyoyakuta yamenishangaza. Nilitarajia kwamba nakshi hizi za vijana zote ni za ugenini. Nyingi ni za ugenini kweli, lakini baadhi ni jamaa zetu wa damu waliopotea njiani.

Chukua ile nakshi iliyotapakaa kuliko zote, ambayo utaiona kwenye mashati, kwenye suruali na kwenye yale masweta ya kofia waliyoyaita vijana hudi: umbo lililo kama tone la maji lililopinda ncha, ndani yake limejaa vidoti na vijani. Vijana huiita bandana, kwa sababu wameijua kutokana na kile kitambaa cha mraba kinachofungwa kichwani au shingoni. Mabibi zetu umbo hilo wanalijua zamani. Lipo kwenye leso, na jina lake ni korosho. Wahindi huliona kuwa embe. Asili yake ya mbali ni Uajemi na Kashmir, ambako lilifumwa kwenye mashali ya thamani. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya viliyaiga mashali hayo, na mji mmoja wa Scotland, Paisley, ukashughulika nayo sana hata Waingereza wakaiita nakshi yenyewe kwa jina la mji huo. Mwenyewe hasa, mfumaji wa Kashmir, jina lake halikubaki popote.

Na kitambaa chenyewe? Neno bandana limetokana na Kihindi, kutoka kitenzi chenye maana ya kufunga. Katika Gujarat na Rajasthan mafundi huifinya nguo vifundo vidogo vidogo, wakavikaza kwa uzi kabla ya kuitia katika rangi. Vikifunguliwa, palipofungwa pamebaki vidoti vyeupe. Vitambaa vya namna hiyo viliuzwa kwa wingi Ulaya na Amerika tangu karne ya 18, kisha viwanda vya huko vikaanza kuvichapa vyenyewe. Wachunga ng'ombe wa Marekani wakavifunga shingoni kuzuia vumbi, wafanyakazi wa reli na wa migodi nao wakavifuata.

Upande wetu wa bahari kitambaa cha mkono kilipita njia nyingine. Leso ni neno la Kireno, na kwa Wareno lina maana hiyo hiyo ya kitambaa cha mkono. Husimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walipochoka na merikani nyeupe na kaniki nyeusi walikwenda kwenye maduka ya vitambaa hivyo, vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Badala ya kimoja kimoja walinunua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, wakashona safu juu ya safu, ikawa nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mfano huo, yenye pindo pande zote nne na mji katikati. Zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ya kanga, yule ndege, na ndiyo sababu ya jina lake la pili.

Kwa hiyo vitambaa vya mkono vilivyochapwa vilisafiri njia mbili. Vilivyokwenda magharibi vilibaki vidogo, vikaangukia shingoni mwa mchunga ng'ombe, kisha kichwani mwa kijana wa mjini. Vilivyokuja kwetu viliungwa na wanawake vikawa vazi kamili. Ndugu hawa wawili wamekuja kukutana Muthurwa, mmoja ametundikwa kwenye kitanguo, mwingine amemfunga mtoto mgongoni mwa mama auzaye nyanya, wala hawajuani. Nikiwaona hivyo huwa nacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Sitaki mtu adhani kwamba udugu huo umeifanya kila bandana kuwa salama. Mjini Los Angeles, kuanzia miaka ya 1970, magenge ya vijana yaligawana vitambaa hivyo kwa rangi, hawa buluu na hawa nyekundu, na waliouawa kwa sababu ya kitambaa ni wengi. Kijana wa Shauri Moyo au wa Kisauni aliyevaa hudi jekundu lenye korosho hana habari za hayo. Amependa rangi. Lakini akisafiri, au akipiga picha ikasafiri badala yake, wapo watakaolisoma vazi lake kwa namna asiyoikusudia, kama yule mzee alivyolisoma koti letu.

Turudi kwenye maandishi, maana hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Nilikuwa nikidhani kuandika juu ya nguo ni uzushi wa zama hizi. Kumbe Waislamu walikuwa mabingwa wa jambo hilo. Enzi za Bani Abbas, na baadaye za Fatimiya wa Misri, palikuwa na viwanda vya dola vilivyofuma au kudarizi utepe wa maandishi kwenye mikono ya mavazi. Utepe huo ukiitwa tiraz. Uliandikwa Bismillahi, jina la khalifa na dua ya kumwombea, pengine na mji na mwaka wa kufumwa. Aliyetunukiwa vazi hilo alitembea na heshima ya dola begani, na kila amwonaye akajua ameipata kwa nani. Kiswahili kimelihifadhi neno lenyewe: ule ukingo wa rangi unaofumwa kwenye kikoi na kilemba tunauita taraza. Maandishi yameondoka, jina limebaki.

Na ukitaka nembo ya kibiashara, ile ambayo vijana wa leo hulipa pesa nyingi ipate kuonekana kifuani, itazame leso ya zamani ya Mombasa. Kwenye pindo utakuta herufi tatu, K.H.E., na karibu yake maneno Mali ya Abdulla. Hizo ni herufi za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye nyumba yake ya biashara ilianza Mombasa mwaka 1887. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kuingiza majina ya Kiswahili kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kizungu. Nguo zilichapwa mbali, India, Ulaya, baadaye Japani, lakini maneno yalitungwa hapa, na wanawake ndio waliokuwa mahakimu: jina lisilowapendeza lilibaki dukani. Hapo naona ndipo tunapotofautiana na Muthurwa. Nguo zote mbili zimetoka ng'ambo. Moja ilikuja na maneno yetu, nyingine imekuja na maneno ya watu ambao hawakutufikiria kabisa walipoyaandika.

Zile herufi kubwa za kifuani, kwa mfano, zilizo moja moja kama A au H, zina kisa chake. Mwaka 1865 wachezaji wa besiboli wa chuo cha Harvard walishonewa herufi H kwenye mavazi yao, na baadaye ikawa desturi kwamba aliyecheza vizuri ndiye aruhusiwaye kubaki na yake. Ilikuwa nishani. Mwenyewe alipokufa au alipohama nyumba, nishani ikaingia kwenye robota, na leo imevaliwa na utingo wa matatu. Herufi zenye pembe, kama za koti letu, ni za waandishi wa vitabu wa Ulaya ya kale, na Wajerumani waliendelea kuzichapia magazeti na vitabu hadi karne iliyopita. Vijana wa Los Angeles wenye asili ya Mexico walizipenda kwa ukali wake wakazichora kutani na mwilini, kisha wanamuziki wakazihamishia kwenye fulana. Mafuvu na ndimi za moto nitayapita. Sina jema la kuyasema, na vijana wenyewe wanajua ninavyoyaona.

Kuna pia ule mtindo wa nembo moja kurudiwa nguo nzima. Sehemu ya habari yake ni ya Harlem, New York, ambako mwaka 1982 mshonaji aitwaye Dapper Dan alifungua duka, akawa anachapa nembo za kampuni za Ulaya kwenye ngozi na kuwashonea makoti watu wa mtaani ambao maduka ya kampuni hizo hayakuwataka. Alishtakiwa, na mwaka 1992 duka likafungwa. Mwaka 2017 Gucci ikaonyesha koti lililofanana mno na moja la kwake, watu wakapiga kelele, na mwisho kampuni ikaingia ubia naye. Aliyeitwa mwizi akaibiwa.

Siyo kila nguo ya Muthurwa ni ya mitumba. Safari yangu ya tatu shangazi alinipeleka kwa kijana mmoja achapaye fulana katika kijichumba kisichotosha watu wanne. Kazi yake ni ya mikono. Huwa na fremu ya mbao iliyowambwa wavu mwembamba, akaupaka dawa inayogandishwa na mwanga, akaweka juu yake mchoro mweusi, akaupiga taa. Palipozibwa na wino mweusi dawa haigandi, hutoka kwa maji, na hapo ndipo rangi itakapopenya inaposukumwa kwa kipande cha mpira. Kila rangi inataka fremu yake, na kila fremu ina gharama, ndiyo maana fulana zake nyingi ni za rangi moja au mbili. Nilipomwambia kwamba kisutu, leso ya maharusi, nayo ni nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe tu, na kwamba zamani leso zilichapwa kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono, aliacha kazi akaniangalia. Hakuwahi kufikiri kwamba kazi yake ina babu.

Nilimwuliza picha zake anazitoa wapi. Alinitoa nje akanionyesha steji. Matatu za Eastlands zimechorwa kila upande, nyuso za wanamuziki na wachezaji, moto, maandishi yanayometameta. Mwaka 2004 serikali ililazimisha mstari wa njano, na michoro ikapungua kwa muda, kisha ikarejea na nguvu mpya. Yeye hutazama rangi zinavyopangwa pale, kwa sababu gari lina sekunde chache tu za kumvutia abiria, na fulana ni vivyo hivyo. Maneno huyachukua kwa makonda. Siku nyingine huenda Kamukunji, penye mafundi wa masanduku ya bati, akanakili zile nakshi zinazogongwa kwenye vifuniko. Kisha akafungua kabati, akatoa fulana nyeusi ambayo anaipenda kuliko zote. Chini, kuizunguka kiuno, kulikuwa na ukanda wa korosho na vidoti. Ameutoa kwenye leso ambayo nyanya yake, mtu wa Machakos, alimbebea mgongoni.

"Hili ni pindo," nikamwambia.

Alirudia neno hilo mara mbili, akaliandika kwenye simu yake. Alikuwa na kitu chenyewe miaka yote bila ya kuwa na jina lake.

Jambo hilo si dogo kama linavyoonekana. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoy kuwa alama yake ya biashara. Wakenya walipinga, na ombi halikufaulu. Mwaka 2012 Louis Vuitton, nyumba ya mitindo ya Paris, iliuza mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka ya Wamaasai. Asiyejua chake kinaitwaje atakitetea kwa maneno gani?

Wasomaji wetu wataniuliza juu ya swala, na ni haki yao. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali akiwa amevaa shuka yenye nakshi, na macho yake yakaziangukia nakshi hizo. Alipomaliza aliagiza shuka hiyo irudishwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe ile ya Abu Jahm isiyo na mapambo, kwa kuwa ya kwanza ilimshughulisha katika swala yake. Hukumu na mafafanuzi yake nawaachia mashekhe. Mimi ninachokiona humo ni adabu: hakukasirika, hakuichoma nguo, na aliyeitoa hakukosewa heshima, kwani aliombwa nyingine. Na kabla hatujawasema vijana, sisi wanawake tujitazame. Wangapi tunajitanda leso yenye jina kubwa mgongoni, mafumbo ya jirani juu yake, tukasimama mbele ya wenzetu kuswali? Mama yangu ana moja nyeupe tupu, ya swala peke yake. Sikuwahi kumwuliza kwa nini mpaka mwaka huu.

Koti lilirudi Mombasa mwezi wa Desemba, ndani ya mfuko wa plastiki, kama mgonjwa. Tuliliweka barazani tukalifumua kwa wembe, uzi kwa uzi, jioni tatu. Uzi ulitoka, lakini matundu ya sindano yalibaki, na kwa mwanga wa ubavuni neno lote lilisomeka kama kovu. Ilibidi lifunikwe. Nikamwomba mama ile kisutu yake iliyochakaa.

Alikataa katakata. Kisutu ile aliolewa nayo, akasema, na hata ikibaki nyuzi mbili hatakata. Siku mbili hatukuzungumza habari hiyo. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na leso nyingine, ya korosho, mji wake umepauka kidogo, jina lake Wema hauozi. Aliikunjua sakafuni akapima kwa shubiri mahali pa kukata. Mwanangu alitaka korosho peke yake. Bibi yake alitaka na jina. Kijana akasema watu watamcheka, bibi akasema kwani walipokuwa wakimsoma mambo ya pombe walikuwa hawacheki? Hapo nilitoka nje. Niliporudi, walikuwa wamekubaliana kwamba jina litiwe, lakini dogo, chini kabisa juu ya ukingo wa koti, palipo pindo. Fundi wa cherehani wa mtaani kwetu alimaliza kazi kwa saa moja, na matundu yote yakafichika.

Msikitini mwanangu bado hulivua koti akalikunja pembeni, nami nimelifurahia hilo. Mzee baharia aliliona, akalisoma, akamwambia bibi apelekewe salamu. Yule kijana wa fulana aliliona pia, akalipiga picha mbele na nyuma. Sasa anataka kutengeneza ishirini, korosho mgongoni na pindo chini, na amepiga simu kutaka ruhusa. Mama ameitoa kwa sharti moja, kwamba jina alichague yeye. Kijana anasema wateja wake wa Muthurwa hawatataka methali, watataka neno la mtaani. Mama amemtaka amletee hayo maneno ya mtaani aliyonayo, moja moja, pamoja na maana zake, ayasikie kwanza. Ameshakataa manne. Hadi tunakwenda mitamboni walikuwa wangali wakizungumza kwenye simu.